Mtoto wa miaka 6 ana jicho vivu na baba yake analo pia: nani bado ana muda wa kutibiwa?

Mama wa Katuba

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Ninaomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo daktari alinieleza kwa upole, nami nikaitikia kwa kichwa, lakini nilipofika nyumbani Katuba na kuanza kuulizwa maswali, niligundua kwamba nilikuwa nimebeba nusu yake tu.

Kifungua mimba wangu ni mvulana wa miaka 6, na mwaka huu ameanza shule ya msingi. Hajawahi kulalamika kuhusu macho hata siku moja. Anasoma, anakimbia, anachora, na macho yake yote mawili yanatazama mbele sawasawa. Mimi ninauza vitambaa vya mapazia, na lile bomba la karatasi ngumu linaloviringishiwa kitambaa huwa linabaki uani, watoto wanalichezea. Jumapili moja jioni walikuwa wanapokezana kuchungulia ndani yake ili kuutafuta mnara wa Gécamines, kampuni ya madini ya hapa kwetu. Mwanangu aliweka jicho la kulia, akasema anauona mnara mpaka ncha. Binamu yake akamwambia ajaribu na la kushoto. Akajaribu, akageuka na kuniambia: "Mama, bomba limeziba." Nililichukua, nikachungulia mwenyewe. Halikuwa limeziba.

Tulianzia kwenye duka moja la miwani mjini. Walimpima kwa mashine kwa muda wa dakika tano, wakampa miwani yenye vioo vinavyofanana kulia na kushoto, na baada ya miezi miwili hakuna kilichobadilika. Ndipo tukaenda kwa daktari wa macho, ambaye alimwekea matone, akasubiri mboni zipanuke, kisha akampima kwa taa na vioo kimoja baada ya kingine. Namba ya kioo anachohitaji ilikuwa +0,75 kulia na +4,50 kushoto. Akiwa na miwani hiyo mpya, jicho la kulia linasoma chati ya herufi yote, yaani 10/10, na la kushoto linaishia 3/10. Daktari alisema kwamba jicho lenyewe halina ugonjwa, bali ni jicho vivu, na akaagiza avae miwani tangu anapoamka hadi anapolala, turudi baada ya miezi mitatu, na kwamba huenda wakati huo ataanza kumziba jicho la kulia kwa saa mbili kwa siku.

Hapo ndipo nilipokwama. Mama mkwe anasema kwamba jicho zima halizibwi, kwani tutakuja kuyapoteza yote mawili, na kwamba mtoto akikua jicho litaamka lenyewe. Jirani yangu anasema kinyume chake, kwamba saa mbili ni mchezo, mpwa wake alizibwa kutwa nzima. Na mume wangu, ambaye ana miaka 36 na ana kengeza la jicho la kushoto tangu utotoni, amenyamaza, kwa sababu yeye aliambiwa akiwa na miaka 14 kwamba amechelewa, na tangu hapo hakurudi tena hospitalini kwa ajili ya jicho hilo. Je, jicho linawezaje kuwa zima na lisione? Nani kati ya hawa yuko sahihi? Je, baba mtu amechelewa kweli? Na je, binti yetu wa miaka 2, ambaye bado hajui hata herufi moja, apelekwe kupimwa?

Muuguzi wa Macho, Kamalondo

Mama, asante kwa kuandika kwa utaratibu na kwa kutuwekea namba, maana wengi huja na neno "haoni vizuri" peke yake, na neno hilo halitoshi kumshauri mtu.

Nianze na swali lako gumu, la jicho zima lisiloona. Fikiria mwalimu mwenye wanafunzi wawili tu darasani. Mmoja hujibu haraka na kwa usahihi, mwingine hugugumia kwa sababu ameketi mahali ambapo ubao hausomeki. Mwalimu hujikuta anamwita yule wa kwanza kila mara, na baada ya muda humsahau kabisa wa pili, hata siku ubao unaposogezwa karibu yake. Mwalimu huyo ni ubongo. Mtoto hazaliwi akijua kuona. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, kwa kupokea picha safi kutoka kwa macho yote mawili. Jicho la kushoto la mwanao limekuwa likipeleka picha yenye ukungu kwa sababu ya ile +4,50 ambayo haikuwa imesahihishwa, na ubongo ukaamua kusikiliza la kulia peke yake. Ndiyo maana daktari alipoangalia ndani ya jicho hakukuta kidonda wala doa, na ndiyo maana pia miwani sahihi haikumfikisha 10/10 siku ileile. Ubao umesogezwa, lakini mwalimu bado hajazoea kumwita mwanafunzi yule.

Jambo hili lilithibitishwa katika miaka ya 1960 na wanasayansi wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel, waliofunga jicho moja la vitoto vya paka kwa wiki kadhaa. Jicho lilipofunguliwa lilikuwa zima, lakini sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilikuwa imeacha kuliitikia. Paka mkubwa aliyefungwa jicho kwa muda uleule hakudhurika hivyo. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ndiyo inayotufanya sisi tunaoshughulika na macho ya watoto kuwa na haraka ambayo wazazi huiona kama kero.

Sababu za jicho vivu ni za aina tatu. Ya kwanza ni hii ya mwanao, tofauti kubwa ya namba kati ya jicho moja na jingine, na ndiyo inayojificha zaidi, kwa kuwa macho yanaonekana yamenyooka na jicho zima linafanya kazi ya mawili. Usijilaumu kwamba hukuiona mapema. Mtoto hawezi kulalamika kuhusu kitu ambacho hajui kwamba wenzake wanacho. Ya pili ni kengeza, kama la baba yake: macho yanapotazama pande mbili tofauti, ubongo huzima picha ya moja ili mtu asione vitu viwiliviwili. Watu huchanganya kengeza na jicho vivu, lakini si kitu kimoja. Yupo mwenye kengeza anayeona vizuri kwa macho yote kwa kupokezana, na yupo mwenye jicho vivu lisilo na kengeza lolote. Ya tatu ndiyo kali kuliko zote, nayo ni kitu kinachozuia mwanga kuingia, kama mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao au kope iliyoanguka ikafunika mboni. Hapo tunahesabu wiki, wala si miaka. Mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho katika jicho moja hufaa afanyiwe upasuaji ndani ya miezi miwili ya kwanza.

Kuhusu miwani kwanza na kuziba baadaye, daktari wako amefanya jambo jema, hata kama linaonekana kama kupoteza miezi mitatu. Miwani yenyewe ni dawa. Kwa watoto wa umri wake wenye tofauti ya namba kati ya macho, takribani mmoja kati ya wanne hupona kwa miwani peke yake bila kuzibwa jicho kamwe, na wengi wa waliobaki hupanda mistari miwili au zaidi kwenye chati kabla ya kufika hatua ya kuziba. Maendeleo hayo huendelea kwa wiki 16 hadi 18 hivi. Lakini sharti ni moja, avae kutwa. Miwani inayovaliwa shuleni na kuvuliwa uani haihesabiki.

Mama mkwe, kwa heshima zote, ana nusu ya haki. Ni kweli kwamba kuziba jicho zima kupita kiasi kunaweza kulidhoofisha, na ndiyo sababu daktari hukuita tena kila baada ya wiki kadhaa na kupima macho yote mawili, siyo lile vivu tu. Likishuka, tunapunguza, nalo kwa kawaida hurudi. Lakini jicho haliamki lenyewe kwa kukua, na nimekutana na watu wazima wengi sana walioishi kwa tumaini hilo. Jirani naye anasema ya zamani. Desturi ya kuziba kutwa ilikuwapo, na dawa yenyewe ni ya kale, kwani Mfaransa Buffon aliipendekeza tangu mwaka 1743. Lakini mwaka 2003 majaribio yaliyofanyika Marekani yalionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye jicho vivu la kiwango cha kati, ambamo 3/10 ya mwanao imo, saa mbili kwa siku zilileta matokeo sawa na saa sita. Na kwa wale wenye hali kali zaidi, saa sita zilitosha kama kutwa nzima. Kwa nini basi umtese mtoto kwa saa ambazo hazimwongezei kitu?

Binti wa miaka 2 apelekwe, bila kusubiri herufi. Kipimo cha matone na taa hakimhitaji mtoto aseme neno, na mtoto ambaye baba na kaka yake wana jicho vivu yuko katika hatari kubwa kuliko wengine. Nyumbani unaweza kumziba jicho moja kwa kiganja akiwa anachezea kitu anachokipenda, kisha jingine. Akitulia upande mmoja, na upande wa pili akalia au kukusukuma mkono, amekujibu. Na mzazi yeyote anayesoma hapa, ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe, gizani au katika picha ya simu, usingoje miadi ya mwezi ujao. Nenda siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho na unaweza pia kuwa uvimbe wa saratani ndani ya jicho, na uvimbe huo ukiwahiwa mtoto hupona.

Baba wa Kampemba

Mama wa Katuba, sisi tumepita njia hiyo na binti yetu, aliyeanza akiwa na miaka 5 na sasa ana miaka 8. Muuguzi ameeleza sayansi, mimi nitaeleza nyumba.

Wiki ya kwanza ya kuziba ni vita. Mtoto ambaye jana alikuwa anaona, leo unamwambia aishi na jicho ambalo kwake ni giza jepesi, na hakuna maneno yatakayomfanya akubali. Kosa letu la kwanza lilikuwa kubandika kitambaa juu ya kioo cha miwani. Kwa siku tatu tulijisifu kwamba ametulia, kumbe alikuwa amejifunza kuinamisha kidevu na kuchungulia kwa juu. Kibandiko kinashikamana na ngozi, na miwani huvaliwa juu yake. Kosa la pili lilikuwa kutumia sparadra, ile plasta ya kawaida ya dukani, ambayo katika joto la mwezi wa kumi ilimchuna ngozi karibu na nyusi mpaka akawa anakimbia akiiona. Tulipopata vibandiko laini vilivyotengenezwa kwa ajili ya macho, na tukawa tunavitoa kwa pamba yenye maji ya vuguvugu badala ya kuvivuta, ugomvi ulipungua nusu.

Nusu iliyobaki niliimaliza mwenyewe. Nilijiziba jicho la kulia saa zilezile zake kwa wiki nzima. Siku ya pili nilikwenda kununua mkate hivyohivyo, nikagonga bega kwenye nguzo ya umeme mbele ya vijana wote wa barabara yetu, na binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alikuwa ananikumbusha yeye. Muda wetu ulikuwa saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, akiwa na mama yake wakichagua maharage au kumenya karanga, kwa maana tuliambiwa kwamba kazi za karibu zinasaidia. Nilimwona kwa macho yangu. Mwezi wa kwanza alikuwa anapapasa sinia kwa vidole kutafuta mawe, mwezi wa tatu alikuwa anayaona kabla ya mkono kufika.

Baadaye alichoka kabisa na vibandiko, na daktari akatubadilishia matone ya atropini katika jicho zima, Jumamosi na Jumapili tu. Matone hayo huliondolea jicho zima uwezo wa kuona vizuri vya karibu, hivyo lile vivu linalazimika kufanya kazi bila mtoto kuonekana na kitu usoni. Mboni inabaki kubwa kwa siku kadhaa na jua la hapa linamuumiza, kwa hiyo kofia yenye ukingo haikuwa pambo. Chupa tulikuwa tunaifungia juu ya kabati, kwa kuwa mtoto akinywa dawa ile ni sumu.

Ninalojutia ni moja. Jicho lilipofika 8/10 tulisherehekea na kuacha kila kitu kwa mkupuo, hata miadi tuliiruka. Miezi mitano baadaye lilikuwa limeshuka hadi 6/10, tukaanza upya.

Mzee wa Ruashi

Vijana, mnahangaika bure na mashine. Zamani sisi tulikuwa tunakamulia maziwa ya mama ndani ya jicho, au maji ya majani fulani ambayo bibi zetu waliyajua, na mtoto alikuwa anaona. Karoti nazo zisisahaulike.

Muuguzi wa Macho, Kamalondo

Mzee wetu, shikamoo. Ninakuomba radhi kukupinga mbele ya watu. Maziwa ya mama na maji ya majani hayawezi kufika mahali palipo na tatizo, kwa kuwa tatizo halimo juu ya jicho, limo katika mazoea ya ubongo. Lakini yanaweza kufika kwenye kioo cha mbele cha jicho na kukiletea vidonda, na kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe lisilotoka. Nimeona watoto waliofika na jicho moja vivu wakaondoka na jingine lenye kovu. Karoti ni chakula kizuri, na ukosefu wa vitamini A hupofusha watoto kwa njia nyingine kabisa, lakini mtoto anayekula vizuri hatapata 10/10 kwa kuongezewa karoti.

Baba wa Kampemba, umeandika vema. Nitarekebisha mambo mawili madogo. Kuhusu kazi za karibu, jaribio la mwaka 2008 lililinganisha watoto waliozibwa wakifanya kazi za karibu na waliozibwa wakifanya mengineyo, na halikuona tofauti. Kwa hiyo maharage ni mazuri kwa kuwa yalimtuliza, na kama mtoto wa Katuba anapenda mpira wa miguu, acha acheze mpira. Kuhusu kushuka kwa jicho baada ya kuacha, hamkuwa peke yenu. Hutokea kwa takribani mtoto mmoja kati ya wanne katika mwaka wa kwanza, na hutokea zaidi pale tiba inapokatwa ghafla. Tunapunguza kidogo kidogo, na tunaendelea kupima baada ya kuacha.

Fundi wa Kuchomelea

Mimi nitajibu kwa niaba ya baba mtu, kwa sababu ninafanana naye. Nina miaka 44, jicho langu la kushoto ni vivu tangu utotoni, nami pia niliambiwa kwamba nimechelewa. Nikaishi. Nimejenga malango na madirisha ya chuma kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kujihesabu mlemavu, ila mke wangu alinizuia kumimina chai mbele ya wageni, kwa kuwa mdomo wa birika na mdomo wa kikombe kwangu havikutani kwa urahisi.

Mwaka 2019 nilikuwa ninakata chuma kwa meule, ile mashine ya jiwe linalozunguka, bila miwani ya kinga, kama tulivyozoea vibaya wengi wetu, na kibanzi kikaingia jicho la kulia, lile zima. Nilifungwa bandeji siku tisa. Katika siku hizo tisa ndipo nilipolifahamu jicho langu la kushoto. Nilimwona mtu akiingia mlangoni, lakini sikuijua sura yake mpaka aseme. Nilijaribu kusoma ujumbe kwenye simu: herufi moja nikiitenga kwa kidole niliiona, lakini zikiwa pamoja katika neno zilisongamana kama watu sokoni, sikujua ipi inaanza na ipi inaisha. Daktari aliniambia kwamba hiyo ndiyo tabia ya jicho vivu, na kwamba nilikuwa nimecheza kamari na jicho pekee ninalolitegemea.

Jicho la kulia lilipona, kwa neema. Tangu hapo ninavaa miwani ya kinga hata ninapopiga msumari mmoja. Baba mtoto afanye kazi gani sijui, lakini kabla ya kuuliza kama jicho bovu litapona, ajiulize lile zima linalindwa na nini.

Mama wa Katuba

Nimesoma yote, nikayasoma tena kwa sauti mume wangu akiwepo. Yeye ni dereva wa lori la Kasumbalesa, na habari ya siku tisa ndiyo iliyomfanya anyanyue kichwa. Ameniomba niulize mambo mawili kwa niaba yake: je, akijiziba jicho zima nyumbani kama mtoto, jicho lake linaweza kupanda? Na je, kengeza lenyewe linaweza kunyooshwa katika umri wake, au upasuaji huo ni wa watoto?

Muuguzi wa Macho, Kamalondo

Mwambie kwanza kwamba ile miaka 14 aliyoambiwa amechelewa haikuwa ukuta kama alivyoelezwa. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowachukua watoto 507 wa miaka 7 hadi 17. Kati ya wale wa miaka 7 hadi 12 waliotibiwa kwa miwani, kuziba na atropini, 53 kwa mia waliitikia, dhidi ya 25 kwa mia ya waliopewa miwani peke yake. Kwa wale wa miaka 13 hadi 17 kwa jumla tofauti haikuonekana, lakini waliokuwa hawajawahi kutibiwa kabla walifika 47 kwa mia, dhidi ya 20. Kwa hiyo mzazi wa kijana anayesoma hapa asikubali neno "amechelewa" bila tiba kujaribiwa.

Kwa mtu wa miaka 36 sitampa ahadi hiyo. Ubongo wa mtu mzima haujaganda kabisa. Wapo waliopoteza jicho zima kwa ajali au ugonjwa, na lile vivu likapanda kiasi baadaye, na wapo watafiti waliowapa watu wazima mazoezi na michezo ya video kwa saa nyingi wakaona nafuu kadhaa. Lakini nafuu hizo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na hakuna tiba ya watu wazima ninayoweza kumwandikia leo kwa uhakika kama ninavyomwandikia mtoto miwani. Hata ile tiba ya kutazama video kwa miwani maalumu ya Luminopia, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, iliidhinishwa kwanza kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, si kwa watu wazima.

Asijizibe mwenyewe. Kwa mtu mzima mwenye kengeza, ubongo umeizima picha ya jicho moja kwa miaka mingi, na ukiulazimisha kuiwasha unaweza kuanza kuona viwiliviwili bila kuweza kurudi nyuma. Kwa dereva wa lori hilo si jambo la kujaribia barabarani.

Upasuaji wa kunyoosha kengeza hufanywa hata kwa watu wazima. Ni upasuaji wa misuli inayolizungusha jicho, si wa ndani ya jicho, na hautalipa jicho vivu uwezo wa kusoma. Wengine huita urembo. Mimi siiti hivyo, kwani mtu anayezungumza na wateja au wakubwa wake huku wakigeuka kutafuta anamtazama nani, anajua anachokosa. Kabla ya kuamua, daktari humjaribu kwa vioo vya pembe tatu ili kuona kama macho yakinyooshwa ataona viwiliviwili. Apimwe namba upya, apewe miwani, na vioo viwe vya polikaboneti visivyopasuka kwa urahisi, hata kama jicho zima halihitaji namba yoyote. Kwake, miwani ni ngao ya jicho lile moja.

Mama wa Katuba

Ninarudi baada ya wiki 15, kwa kuwa niliahidi kuleta habari. Jicho la kushoto limetoka 3/10 na kufika 5/10 kwa miwani peke yake. Daktari alipima mara mbili, akasema mwezi uliopita halijapanda tena, hivyo Jumatatu tumeanza kuziba saa mbili. Mama mkwe ndiye anayeshika saa, maana nilimkabidhi yeye kazi hiyo, na hamruhusu mtoto hata dakika tano za msamaha. Baba mtu amepimwa. Amepewa miwani, na upasuaji anaufikiria. Binti alilala mikononi mwangu kabla matone hayajafanya kazi, akaamka akiwa na hasira, lakini daktari alifanikiwa kumpima: kulia +1,25 na kushoto +1,50, hahitaji kitu kwa sasa, arudi baada ya mwaka.

Baba wa Kampemba, ninaomba uniambie mlivipata wapi vile vibandiko laini, kwa sababu sparadra yetu imeshaanza kumtoa vipele. Na tumeagiza miwani ya pili. Ile ya kwanza mkono mmoja ulivunjika kwenye mpira, na siku nne alizokaa bila miwani zilinitosha.